Bolívar: Jina la Ukoo Lililozaa Nchi, Fedha na Miji

Walimu wa isimu huwaambia wanafunzi wao kwamba jina la pekee halina maana, lina mtajwa tu. Ukisema "mto", msikilizaji anajua ni kitu cha namna gani hata kama hajakiona. Ukisema "Lualaba", sharti awe ameujua mto wenyewe au ameambiwa habari zake. Kauli hiyo ni sahihi kwa kiasi fulani. Ugumu huanza pale jina moja linapotumika kwa mtu, kwa mlima, kwa sarafu, kwa bandari na kwa nchi nzima, kila mara likiwa na mtajwa mwingine, na huku wasemaji wakiamini kwamba kuna jambo moja linaloviunganisha vyote hivyo. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza jina moja la aina hiyo, nalo ni Bolívar, jina la ukoo la Kihispania lililoenea zaidi ya majina mengi ya wafalme. Swali letu ni hili: jina linapohama kutoka kwa mtu kwenda kwenye kitu, huchukua nini kutoka kwa yule mtu, na ni nani anayeamua?

Yafaa tuanzie kabla ya mtu. Bolívar tunaliita jina la Kihispania kwa sababu limeandikwa na kutangazwa duniani kwa Kihispania, lakini mizizi yake imo katika Kibaski, lugha isiyo na undugu unaojulikana na Kihispania wala na lugha nyingine yoyote ya Ulaya. Katika jimbo la Bizkaia, kaskazini mwa Hispania, kuna kijiji kidogo kiitwacho Bolibar, ambacho tangu mwaka 2005 kimo katika wilaya ya Ziortza-Bolibar. Wataalamu hulichanganua jina hilo katika sehemu mbili: *bolu*, yaani kinu cha kusagia nafaka, na *ibar*, yaani bonde. Bolibar basi ni "bonde la kinu", jina la kawaida kabisa ambalo mkulima yeyote angeweza kuliambia bonde lenye mto na kinu cha maji. Si ajabu kwamba vimo vijiji vingine vya jina hilohilo katika nchi ya Wabaski. Watu waliotoka huko walijulikana kwa jina la kwao, na jina la mahali likageuka kuwa jina la ukoo. Msomaji azingatie jambo hili, kwa maana miji na nchi tutakazozitaja baadaye hazikuchukua jina la mtu tu. Zilichukua jina la mtu ambalo nalo lilikuwa limechukuliwa kutoka kwenye bonde.

Kuhusu herufi, Kihispania hakitofautishi matamshi ya *b* na *v*, na tahajia ya Kibaski haitumii *v* katika maneno yake yenyewe. Ndiyo sababu kijiji huandikwa kwa *b* na ukoo kwa *v*, ilhali sauti ni ileile. Kiswahili, ambacho kwacho *bua* na *vua* ni maneno mawili mbalimbali, kimefuata maandishi, si sikio.

Mwishoni mwa karne ya 16, mtu wa ukoo huo aitwaye Simón de Bolívar alihamia Caracas akiwa katika utumishi wa Mfalme wa Hispania. Vizazi vyake vilipata ardhi, mashamba ya kakao, migodi na watumwa. Katika kizazi cha baadaye, tarehe 24 Julai 1783, alizaliwa mtoto aliyepewa jina lilelile la Simón. Kwa desturi ya Kihispania mtu hubeba majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, hivyo yeye alikuwa Bolívar y Palacios. Historia imelitupa la mama.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya sifa hulipita upesi. Walioitwa Bolívar katika Venezuela ya wakati ule hawakuwa wa damu moja tu. Watumwa nao walibeba jina la mwenye kuwamiliki. Mwanamke mtumwa Hipólita ndiye aliyemnyonyesha Simón, na baada ya wazazi kufariki, baba mwaka 1786 na mama mwaka 1792, ndiye aliyekuwa kwake kama mzazi. Mwaka 1825, akiwa Peru katika kilele cha utukufu wake, Bolívar alimwandikia dada yake María Antonia kumwagiza amtunze Hipólita kwa kila atakachohitaji, akieleza kwamba maziwa yake ndiyo yaliyoulisha uhai wake na kwamba hakumjua baba mwingine ila yeye. Mwanamke huyo anaandikwa katika historia kwa jina la Hipólita Bolívar. Mwingine, Matea Bolívar, aliyemlea Simón utotoni, alifariki mwaka 1886, na inasemwa kwamba alikuwa amepita umri wa miaka mia moja. Kwa hiyo tunaposema "jina la ukoo wa Bolívar" tujue kwamba ukoo huo ulikuwa na pande mbili: wale waliolirithi jina pamoja na shamba, na wale waliolirithi jina kwa sababu walihesabiwa kuwa sehemu ya shamba.

Maisha ya Simón Bolívar mwenyewe yamesimuliwa mara nyingi na hatuna haja ya kuyarudia kwa urefu. Aliongoza vita vilivyoutoa utawala wa Hispania katika nchi ambazo leo ni Venezuela, Kolombia, Panama, Ekuador, Peru na Bolivia. Alifariki tarehe 17 Desemba 1830 karibu na mji wa Santa Marta, akiwa amejiuzulu, na jamhuri kubwa aliyoiunda ikiwa inavunjika. Alioa mwaka 1802, mkewe María Teresa akafa mapema mwaka 1803, na hakuoa tena wala hakuacha mtoto wa ndoa. Jina ambalo lingepita kwa wana likapita kwa milima na miji.

Nchi ya Bolivia ndiyo mfano mkubwa. Mahali hapo palikuwa pameitwa Collasuyo katika dola la Wainka, kisha Charcas, kisha Peru ya Juu, chini ya Wahispania. Vita vilipokwisha, jirani wawili walikuwa na hoja za kulidai eneo hilo: Peru kwa upande mmoja, na majimbo ya Río de la Plata, yaani Argentina ya leo, kwa upande wa pili. Jenerali Antonio José de Sucre aliitisha baraza la wajumbe, na Bolívar mwanzoni hakufurahia haraka hiyo, kwa maana alihofia kuvunja mipaka iliyorithiwa kutoka kwa Hispania. Wajumbe walitangaza uhuru tarehe 6 Agosti 1825. Siku tano baadaye walipitisha sheria ya kuiita nchi yao Jamhuri ya Bolívar na kumpa mamlaka makuu kila atakapokuwa katika ardhi yao. Nani angethubutu kuinyang'anya nchi iliyobeba jina la mshindi, tena mshindi mwenye jeshi karibu? Sisi tunaona kwamba jina hilo lilikuwa shukrani, naam, lakini lilikuwa pia ngao. Walimlazimisha kwa heshima kukubali jambo alilosita kulikubali.

Mnamo Oktoba mwaka huohuo jina likabadilishwa kuwa Bolivia. Inasimuliwa kwamba mjumbe mmoja wa Potosí, padre Manuel Martín Cruz, alitoa hoja kwamba kama Roma ilitokana na Romulus, basi Bolivia na itokane na Bolívar. Kwa mwanaisimu, badiliko hilo la kiambishi tamati si dogo. "Jamhuri ya Bolívar" ni mali ya mtu. "Bolivia" ni mahali. Kiambishi *-ia* kilikata kitovu. Bolívar mwenyewe alikaa humo miezi mitano tu hivi, akaondoka mapema mwaka 1826, na katiba aliyowaandikia, yenye rais wa maisha, haikudumu. Jina likadumu. Hata katiba ya mwaka 2009, iliyoifanya nchi kuwa Dola la Mataifa Mengi na kuzitambua rasmi lugha za wenyeji, haikuligusa. Waaymara, ambao lugha yao ina irabu tatu tu, yaani *a*, *i* na *u*, huliandika Wuliwya. Bonde la kinu limefika kwenye nyanda za juu za Andes likiwa halitambulikani tena, na huko limepata wenyewe.

Mji mkuu wa kikatiba wa nchi hiyo nao unaitwa Sucre, kwa jina la ukoo la yule jenerali. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa huona sukari kabla ya kumwona mtu. Hilo ni jambo la bahati tu. Ekuador nayo iliipa fedha yake jina la *sucre* tangu mwaka 1884 hadi ilipochukua dola ya Marekani mwaka 2000.

Venezuela ina mfano wa namna nyingine. Kando ya mto Orinoco, mahali ambapo mto unabanwa, palijengwa mji ulioitwa kwa kifupi Angostura, maana yake "mbano". Hapo ndipo Bolívar alipolihutubia bunge mwaka 1819. Mwaka 1846 mji ukabadilishwa jina kuwa Ciudad Bolívar. Lakini daktari mmoja Mjerumani aliyehudumu huko, Johann Gottlieb Benjamin Siegert, alikuwa ametunga mwaka 1824 dawa chungu ya tumbo iliyoitwa Angostura, na watoto wake wakahamishia biashara hiyo kisiwani Trinidad katika miaka ya 1870. Hivyo basi jina lililofutwa kwenye ramani limebaki kwenye chupa, na linajulikana katika baa za dunia nzima kuliko mji ulioliacha. Serikali ina uwezo juu ya kibao cha njiani, haina uwezo juu ya mazoea ya mnywaji.

Mahali pengine tunapitia upesi. Mlima mrefu kuliko yote wa Venezuela ni Pico Bolívar. Kwa muda mrefu ulisemwa kuwa na mita 5,007, lakini vipimo vya karne hii vimeushusha hadi mita 4,978. Kolombia nayo ina kilele cha Simón Bolívar katika safu ya Santa Marta, kikitazamana na kilele cha Cristóbal Colón, ambaye ndiye Kolombia yenyewe ilimochukua jina. Kuna mkoa wa Bolívar nchini Kolombia, wenye makao Cartagena. Mkoa wa Bolívar nchini Ekuador. Jimbo la Bolívar nchini Venezuela. Na mji wa San Carlos de Bolívar nchini Argentina, ulioanzishwa mwaka 1878, mahali ambapo yeye hakufika kamwe. Bandari mbili zinaitwa Puerto Bolívar: ile ya Ekuador husafirisha ndizi, ile ya Kolombia husafirisha makaa ya mawe ya mgodi wa Cerrejón. Mwenye kutuma barua ya biashara na aandike nchi waziwazi.

Paris ya miaka ya 1820 iliita *bolivar* kofia ndefu yenye ukingo mpana iliyovaliwa na wapenda uhuru, na mtindo huo ulifika hadi Urusi, kwani Pushkin humvika Onegin kofia hiyo katika riwaya yake ya mashairi. Kofia imepotea, bali kituo cha reli ya chini ya ardhi cha Bolivar kingalipo jijini humo. La Paz ina klabu ya kandanda ya Bolívar, iliyoanzishwa mwaka 1925, miaka mia baada ya uhuru. Hata angani jina limefika: setilaiti ya mawasiliano ya Venezuela iliyorushwa kutoka China mwaka 2008 iliitwa Simón Bolívar, ikapotea katika njia yake mwaka 2020.

Mfano wa Marekani unatudai tukae zaidi, kwa sababu huko ndiko jina na mtu vinapoachana kabisa. Katika miaka ya 1820 wananchi wa Marekani walimwona Bolívar kuwa ndugu wa George Washington, wakaipa jina lake miji na watoto. Mji wa Bolivar katika Tennessee ulipata jina wakati huo. Mji wa Bolivar katika Missouri ulilichukua si kwa mtu moja kwa moja, bali kwa ule wa Tennessee, walikotoka baadhi ya walowezi wake. Hata mkazo ulihama: wenyeji huutia kwenye silabi ya kwanza. Mnamo Julai 1948 Rais Rómulo Gallegos wa Venezuela alikwenda Missouri kukabidhi sanamu ya Bolívar mbele ya Rais Harry Truman. Novemba ya mwaka huo wanajeshi wakampindua Gallegos. Katika Texas kuna rasi ya Bolivar, na ng'ambo ya mlango wa ghuba upo mji wa Galveston, uliotokana na ukoo mwingine wa Kihispania, wa Bernardo de Gálvez, aliyekuwa mtumishi mkuu wa Mfalme wa Hispania. Mtetezi wa ufalme na mpinduzi wake wametenganishwa na safari fupi ya kivuko.

Lakini tuangalie Mississippi. Mwishoni mwa mwaka 1815 Bolívar, akiwa ameshindwa vitani, alikimbilia Haiti, na Rais Alexandre Pétion akampa silaha na watu kwa sharti kwamba awaachie huru watumwa katika nchi atakazozikomboa. Aliporudi alitoa tangazo la uhuru kwa wale ambao wangeshika silaha. Mabunge yaliyofuata, yaliyojaa wenye mashamba, yalilikata jambo hilo katikati: sheria ya mwaka 1821 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa tu, tena baada ya kumtumikia bwana wa mama yao hadi umri wa miaka 18. Venezuela haikuufuta utumwa hadi mwaka 1854. Hata hivyo ahadi ya Haiti ilijulikana. Basi mwaka 1836, katika jimbo la Mississippi, wazungu wenye kulima pamba kwa mikono ya watumwa waliunda wilaya wakaiita Bolivar County. Mtoto mmoja wa Kentucky aliyezaliwa mwaka 1823 alibatizwa Simon Bolivar Buckner. Alipokua akawa jenerali wa upande uliopigana kuutetea utumwa, na mwaka 1862 akaisalimisha ngome ya Donelson kwa Jenerali Grant.

Je, waliotoa majina hayo hawakujua? Tunadhani walijua walichotaka kujua. Kwao Bolívar alikuwa mtu aliyeufukuza ufalme wa Ulaya, basi. Hipólita na Pétion hawakuwamo katika jina walilolichukua. Na historia haikuishia hapo. Mwaka 1887, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Bolivar, watu waliokuwa watumwa wakiongozwa na Isaiah Montgomery walianzisha mji wao wenyewe wa Mound Bayou, wenye viongozi weusi na maduka ya weusi, wakati ambapo Mississippi yote ilikuwa ikiwanyima haki. Hawakuuita Bolívar. Hawakuhitaji.

Turudi Venezuela kwa habari ya fedha, ambayo msomaji wa Kongo ataielewa bila maelezo marefu. Sarafu ya *bolívar* iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1879, wakati wa Rais Antonio Guzmán Blanco, ikifuata kipimo cha faranga ya Ufaransa. Faranga ya Dola Huru la Kongo, iliyoanza mwaka 1887 kwa kulingana na ile ya Ubelgiji, ilifuata kipimo hichohicho. Kwa hiyo fedha hizo mbili zilianza zikiwa kama dada. Kwa miaka mingi bolívar ilisifika kwa uthabiti, hadi Ijumaa ya tarehe 18 Februari 1983 iliposhushwa thamani, siku inayokumbukwa kuwa Ijumaa Nyeusi. Mwaka 1999 katiba mpya iliyoletwa na Hugo Chávez iliiita nchi yenyewe Jamhuri ya Kibolívar ya Venezuela. Mwaka 2008 zikaondolewa sifuri tatu na fedha ikaitwa "bolívar imara". Mwaka 2018 zikaondolewa tano, ikawa "bolívar yenye enzi". Mwaka 2021 zikaondolewa sita, ikawa "bolívar ya kidijiti". Jumla ni sifuri 14. Thamani ilivyozidi kupungua ndivyo sifa zilivyozidi kuongezwa baada ya jina, nalo jina lenyewe likawa haliwezi kuondolewa, kwani nani angetia sahihi tangazo la kumfuta Mkombozi? Kwetu jina la Zaïre, lililotokana na neno la Kikongo la mto, liliwahi kuwa mto, nchi na fedha kwa wakati mmoja. Mwaka 1993 zaïre mpya moja ilichukua mahali pa milioni tatu za zamani, na mwaka 1998 jina hilo likaachwa na faranga ikarudi. Jina la mto huweza kuwekwa kando bila kumtukana mtu yeyote. Jina la shujaa lina wenye kulilinda.

Inabaki kazi ya wafasiri na wahariri wetu, ambao mara kwa mara huuliza waandikeje. Mtu na miji yake viachiwe tahajia yao: Simón Bolívar, Ciudad Bolívar. Nchi ni Bolivia, ngeli ya N, na watu wake ni Wabolivia. Tahadhari tu kwamba Kiswahili huuhamishia mkazo kwenye *vi*, ilhali Kihispania huutia kwenye *li*. Kwa sarafu tungependa kuona *bolivari*, kama vile *sukkar* ya Kiarabu ilivyopata irabu ikawa sukari: bolivari moja, bolivari elfu, bolivari zimeshuka. Kwa kivumishi, "-a Kibolivari" hufaa kwa mambo ya siasa ya Venezuela, lakini mwandishi asikichanganye na "-a Kibolivia", maana kosa hilo limekwisha kuipeleka serikali ya Caracas La Paz katika tafsiri zaidi ya moja za wanafunzi. Mfuasi wa mawazo ya Bolívar asiitwe Mbolivari, neno litakalosikika kama kabila. Aitwe mfuasi wa Bolívar, kwa maneno matatu.